Asilimia 150: Tathmini ya Sharti la Muda katika Misaada ya Masomo ya Marekani

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kaunta, lakini familia nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani huitumia kila muhula, na wengi wetu hatuyajui masharti yake mpaka siku inapokatwa. Ni msaada wa masomo wa serikali kuu, yaani ruzuku ya Pell pamoja na mikopo inayoombwa kwa fomu ya FAFSA, na ninalolipima hasa ni sharti lake moja: kiasi cha masomo ambacho mwanafunzi anaruhusiwa kukitumia kabla hajahitimu. Nimelifuatilia kwa karibu miaka mitatu kwa ajili ya mpwa wangu, binti anayesoma katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili) hapa Texas, na tathmini yangu inawahusu wale wanaostahili msaada huo, kama vile waliopokelewa nchini wakiwa wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwanafunzi hapewi msaada akishavuka asilimia 150 ya urefu wa programu yake, na kwa programu zinazopimwa kwa krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, kinacholinganishwa na mpaka huo ni idadi ya krediti alizojaribu kuzisoma. Stashahada ya krediti 60 ina mpaka wa krediti 90, na shahada ya kwanza ya krediti 120 ina mpaka wa 180. Huondolewi siku unapofika kwenye mpaka, bali mapema zaidi, pale hesabu inapoonyesha kwamba krediti zilizobaki haziwezi tena kukamilika kabla ya kuufikia.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu mazungumzo yetu yote ni ya miaka. Mpwa wangu alipotoka kuuliza mara ya kwanza aliniambia, "Mjomba, nimeambiwa nina miaka sita." Ninaijua miaka sita hiyo ilikotoka. Sheria ya mwaka 1990 inavitaka vyuo vitangaze ni wanafunzi wangapi wanaohitimu ndani ya asilimia 150 ya muda wa kawaida, na kwa shahada ya miaka minne hiyo huwa miaka sita. Kipimo hicho ni cha kukitathmini chuo, wala si ruhusa aliyopewa mwanafunzi. Anayesoma krediti sita tu kwa muhula, huku akifanya kazi ghalani zamu ya usiku, atatumia mihula kumi kumaliza krediti 60, na kwa upande wa asilimia 150 hatakuwa amekosea kitu. Kinyume chake, kijana anayejaza krediti 15 kila muhula na kufeli au kuacha nyingi kati ya hizo anaweza kuugusa mpaka akiwa bado anajiona mgeni chuoni.

Kwa ukarimu huo kwa watu wenye kazi na watoto, huduma hii inastahili sifa. Hata ruzuku ya Pell, ambayo ina kikomo chake cha peke yake cha mihula 12 kwa maisha yote, huhesabiwa kwa uwiano, kwa hiyo anayesoma nusu ya mzigo anapunguziwa nusu ya muhula tu. Sisi tuliosoma Tanzania tulizoea mfumo mwingine: unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, ukishindwa unakeri somo, yaani unalibeba hadi mwaka unaofuata, na mambo yakizidi unadisko, yaani unaondolewa chuoni, na kurudi nyumbani na sanduku lako. Hapa chuo kinaweza kuendelea kukupokea bila tatizo lolote huku fedha zikiwa zimekwisha kukuaga, na nadhani adhabu hiyo ni ngumu zaidi kuitambua, kwa kuwa kadi ya mwanafunzi bado inafungua milango yote.

Kasoro kubwa ya huduma ni maelezo yake. Pamoja na mpaka wa mwisho kuna sharti la mwendo, ambalo katika vyuo vingi ni kufaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Namba hiyo inatokana moja kwa moja na ile 150, kwa sababu 120 ni theluthi mbili ya 180. Kuna na sharti la wastani wa alama, ambalo kila mtu analielewa bila kufundishwa. Lakini ni nani aliyemwambia mpwa wangu, binti wa miaka 19, kwamba kozi aliyoiacha katikati ya muhula, ikaandikwa herufi W na isiharibu wastani wake, inahesabiwa kuwa amejaribu na hakufaulu? Mshauri wake wa masomo alimwambia kwamba W haina madhara. Kwa upande wa wastani alisema kweli. Kwa upande wa fedha, ushauri ule ulitugharimu.

Mwaka wake wa kwanza mpwa wangu alijiandikisha krediti 24. Baba yake akafanyiwa upasuaji, na binti, ambaye ndiye mwenye leseni ya udereva nyumbani, akaacha kozi tatu ili ampeleke kliniki. Alimaliza na krediti 15 kati ya 24, yaani asilimia 62 na nusu. Barua ya kusitishiwa msaada ilitumwa kwenye anwani ya barua pepe ya chuo, ambayo hakuwa na mazoea ya kuifungua, na tuliiona wiki mbili baadaye pamoja na ankara ya karo. Kama kozi zile angeziacha kabla ya siku ya 12 ya masomo, ambayo katika mihula mirefu ya vyuo vya umma vya Texas ndiyo siku ya kuhesabu wanafunzi, kumbukumbu zake zisingekuwa na W hata moja. Hilo nililijua kwa kusoma kanuni mwenyewe usiku, si kwa kuambiwa na ofisi yoyote.

Rufaa ndiyo sehemu iliyonishangaza kwa wema. Sheria haikilazimishi chuo kuipokea, lakini vyuo vingi huipokea, na sababu zinazotajwa wazi ni kufiwa na ndugu, kuumia au kuugua kwa mwanafunzi, na mazingira mengine ya pekee. Tuliwasilisha barua ya hospitali, maelezo ya kurasa mbili na orodha ya kozi zilizobaki. Nililojifunza ni kwamba msomaji wa rufaa hatafuti huruma, kwa sababu kanuni inamtaka mwanafunzi aeleze mambo mawili: kilichomkwamisha, na kilichobadilika kiasi kwamba hatakwama tena. Rasimu ya kwanza ya binti ilikuwa ya machozi mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilisema kwamba kaka yake amepata leseni na sasa ndiye anayempeleka baba kliniki, na sentensi hiyo moja nadhani ndiyo iliyofanya kazi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: msaada umerudishwa kwa masharti, pamoja na mpango wa masomo ambao hapaswi kuukiuka.

Kuhusu kozi za Kiingereza, ambazo ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi huanza nazo, chuo kina hiari ya kutozihesabu katika mwendo zile za maandalizi zisizo na krediti. Kila chuo kina sera yake, hivyo ulizeni mpewe jibu kwa maandishi kabla ya kujiandikisha. Kumbukeni pia kwamba muhula wa Kiingereza ukilipiwa na Pell unapunguza ile mihula 12, hata kama haukuingia katika asilimia 150.

Jimbo nalo limeongeza masharti yake. Wanafunzi walioanza vyuo vya umma vya Texas tangu msimu wa vuli wa 2007 hawaruhusiwi kuacha kozi zaidi ya sita katika shahada yao ya kwanza, isipokuwa kwa sababu zinazokubalika, na anayezidisha krediti 30 juu ya zile zinazotakiwa na shahada yake anaweza kutozwa karo ya mtu wa nje ya jimbo. Mwenye viza ya mwanafunzi yuko katika hesabu nyingine kabisa: hana msaada huu, kwa kawaida hawezi kushuka chini ya krediti 12 kwa muhula katika shahada ya kwanza, na tarehe ya mwisho iliyo kwenye fomu yake ya I-20, ile anayopewa na chuo kwa ajili ya viza, lazima iongezwe kabla haijafika ikiwa bado hajamaliza.

Naipa kanuni nyota nne kati ya tano. Utoaji wa maelezo, kwa jinsi tulivyoukuta katika chuo chetu, naupa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya karani wa dirisha la mwisho, ambaye alitoa karatasi na kutuchorea hesabu yote kwa kalamu huku foleni ikinung'unika nyuma yetu.

Karatasi hiyo bado imebandikwa kwenye friji. Mpwa wangu alihama kutoka programu ya uuguzi kwenda uhasibu, na krediti za zamani hazikufutika kwa kuhama. Sasa amejaribu 66, zinazoingia katika programu mpya ni 41, na amebakiza 19. Akifaulu zote atamaliza akiwa na 85 dhidi ya mpaka wa 90, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni kozi moja tu ya krediti tatu. Akishahitimu anakusudia kuhamia chuo kikuu, na huko krediti watakazozipokea zitaandikwa kuwa zimejaribiwa na zimefaulu, kisha hesabu itaendelea kuelekea 180. Tayari nimemwomba aulize ni zipi hasa watakazozipokea, na alete jibu hilo likiwa limeandikwa.