Fanicha ya mtumba: kipi ununue kwanza ili ipendeze upya

Ukishanunua meza au kabati la mtumba, hela iliyobaki huwa kidogo, na wengi huimalizia kwenye stika na vishikio vya kung'aa. Naipanga kinyume kabisa. Kwangu mimi shilingi ya kwanza iende kwenye mbao.

Kwanza jua umenunua nini. Chomoa droo uigeuze. Mbao nzima nyuzi zake zinaendelea kutoka juu hadi ukingoni. Chipbodi huonyesha chembechembe zilizogandishwa kwa gundi. Chipbodi ikishavimba kwa maji hairudi, hivyo iache hukohuko sokoni. Ukiona vitundu vidogo vinavyomwaga unga mpya, wadudu bado wamo ndani.

1. Msasa na vanishi

Kama ni mninga, mvule, mkongo au mtiki, hakuna cha kushindana na hii. Meza ya mninga iliyokaa miaka kibarazani hupauka mpaka ikadhaniwa mbao ya hovyo. Pitisha msasa namba 80 (namba ndogo ndiyo yenye chembe kali) kwenye eneo la kiganja kimoja tu, uone ule wekundu wa kahawia unavyojitokeza chini yake. Mbao ya namna hiyo ukiipaka rangi nzito unaidhulumu.

Nunua msasa namba 80, 120 na 220, uende kwa mpangilio huohuo, ukifuata nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kukata nyuzi, mikwaruzo haionekani mpaka vanishi ikauke, na hapo umeshachelewa. Kama juu pamebandikwa gamba jembamba la mbao, ruka namba 80 kabisa, utalitoboa.

Mafundi wengi hupuliza laka kwa sababu hukauka upesi. Ni nzuri, ila ukanda wa pwani wakati wa masika unyevu huiachia ukungu mweupe. Kwa anayepaka mwenyewe kwa brashi, chukua vanishi ya poliurethani: inachelewa kukauka, lakini inavumilia zaidi maji na kikombe cha chai ya moto. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Uso wa meza wa sentimita 150 kwa 90 unamalizika mikono mitatu kwa nusu lita, kwa hiyo usikubali kuuziwa kopo kubwa.

2. Rangi ya mafuta

Hii ni ya paina, mbao za mchanganyiko, na fanicha iliyozibwa viraka. Usiruke prima, ile rangi ya awali inayoshikisha rangi ya juu, kwani bila hiyo rangi hubanduka kwa kucha. Kama fanicha ina rangi ya zamani sana, inaweza kuwa na madini ya risasi: ilowanishe ndipo uisugue, watoto wakae mbali, na vumbi lisifagiliwe likiwa kavu.

3. Sponji na kitambaa cha sofa

Mabadiliko yake ni makubwa, lakini nimeiweka ya tatu kwa sababu ndiyo inayokula hela: kitambaa, sponji na ufundi. Usiifanye kabla ya kuhakikisha fremu. Inua pembe moja ya sofa. Ikilalamika au kujipinda, maungio yamelegea. Kisha funua mishono na uangalie chini ya kitambaa cha nyuma. Madoa madogo meusi yaliyojipanga kwenye mshono ni ya kunguni, na hapo bei iwe ya kutupa kiasi gani, ondoka.

Ukilazimika kubana, weka hela kwenye sponji nzito na uchukue kitambaa cha kawaida. Sponji laini hubonyea mapema, na kitambaa kizuri juu yake kitakunjamana tu.

4. Vishikio na bawaba

Ni rahisi na vinafaa sana kwa kabati la jikoni. Pima kwanza umbali kati ya tundu na tundu. Milimita 96 na 128 ndiyo ya kawaida. Ukikosea itabidi utoboe upya na kuziba ya zamani.

5. Stika

Ya mwisho. Hubanduka pembeni, hasa karibu na jiko, na ukiitoa huacha gundi inayosumbua. Naikubali kwa kitu kimoja tu: kabati la chipbodi ambalo halijavimba, kwenye chumba cha kupanga ambacho hutakaa sana. Hata hapo, futa mafuta yote kwa maji ya sabuni, ukaushe vizuri, na uibandike kuanzia katikati kwenda pembeni.