Darasa la jioni la matamshi ya Kiingereza, Bagamoyo

Ninaongoza watalii Mji Mkongwe na Magofu ya Kaole, kwa hiyo neno archaeology, yaani elimu ya mambo ya kale, halinitoki mdomoni. Waongozaji wengi hapa wanalisoma kama lilivyoandikwa, mkazo wakiuweka silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema magofu au msikiti. Mgeni anabaki kuuliza, "Umesema nini?" Kwa shida hiyo, darasa hili limenifaa kuliko kozi zote za sarufi nilizopitia.

Mwalimu haanzi na maana. Analiandika neno ubaoni na kulikata kwa mistari: ar-chae-ol-o-gy, silabi tano. Ile ch inatamkwa k. Kisha mnapiga meza, kidole kwa silabi nyepesi, kiganja kizima kwa ile nzito: a-ki-O-la-ji. Mkishazoea anabadilisha mkia, archaeological, na kiganja kinahama: a-ki-a-LO-ji-ko. Sikilizeni ile O iliyokuwa nzito, sasa imefifia hata haisikiki kama o. Hapo ndipo nilipojua huyu mama anaijua kazi yake. Kwetu mkazo unakaa palepale karibu maneno yote. Kiingereza mara nyingi hufuata mkia wa neno. Lenye -logy au -ity, hesabu silabi ya tatu kutoka nyuma. Lenye -tion, ni silabi inayoitangulia hiyo -tion: accommodation, yaani malazi, a-ko-mo-DEI-shen. Wahudumu wa hoteli za ufukweni, hilo ni lenu.

Neno la kufanyia mazoezi nyumbani lilikuwa caravanserai, ambalo tunalo hapahapa mjini kwenye jengo walikopumzika wapagazi wa misafara: ka-ra-VAN-se-rai. Nimependa sana kwamba anachagua maneno ya kazi zetu.

Sasa kasoro. Chumba ni kidogo, na ukichelewa unasimama. Karatasi za mazoezi zimekatwa silabi vizuri lakini hazina alama ya mkazo hata moja, na hilo silikubali kabisa, maana kukata silabi bila kujua ipi nzito ni kazi nusu. Nendeni na kalamu nyekundu, mtie alama wenyewe mwalimu akiwa bado ubaoni. Rekodi za sauti pia hakuna. Niliomba ruhusa nirekodi kwa simu, akakubali bila shida.

Ada inalipwa kwa mwezi, na wanapokea hata kwa awamu mbili. Asiyejua kabisa kusoma Kiingereza atapata tabu, aanzie kwingine. Muongozaji mwenzangu, wewe jiandikishe.