MiG-29 au F-16? Maoni yangu kuhusu kibanda cha simuleta Mwanjelwa

Wakuu mnaopenda ndege za kivita na mko Mbeya, kuna dogo hapa Mwanjelwa kafungua kibanda cha gemu ila yeye kakomaa na simuleta ya ndege tu, ana kompyuta mbili, stiki za maana na kifaa cha kuvaa kichwani kinachofuata unakotazama, nusu saa ni buku na hela yako haipotei kabisa.

Hicho cha kichwani ndo kimenifanya niielewe MiG-29, ndege ya kivita ya Wasovieti. Mkibanana na F-16 ya Wamarekani huna haja ya kumgeuzia pua, unamtazama tu pembeni, kombora la R-73 linamshika, ukiachia linakata kona na kumfuata. Na hii haijatungwa kwa ajili ya gemu, Ujerumani ilipoungana 1990 ilirithi MiG-29 za upande wa mashariki, zikarushwa kupimana na F-16 za Wamarekani na kwenye kukabana karibu Wamagharibi waliona kabisa wameachwa, kombora lao la kujibu, AIM-9X, limekuja kuingia kazini 2003!

Ila mkiwa mbali MiG inatesa jamani. Rada yake mpaka uiname ubonyezebonyeze, nyuma huoni vizuri, maana Wasovieti walipanga rubani aelekezwe na watu wa rada walioko chini. F-16 wamemwachia rubani aamue mwenyewe, kioo hakina fremu mbele yako, kiti kimelala nyuzi 30, stiki iko mkono wa kulia na haisogei sana, unaigusa tu kompyuta inafanya mengine. Mafuta nayo, MiG ina injini mbili na tanki dogo, ukijisahau unadondoka njiani.

Ninachokipenda zaidi kipo kabla hata ya kuruka. MiG ikiwa chini inafunga midomo ya injini isimeze mawe, hewa inapita kwenye matundu ya juu, yaani uwanja mbovu inaondoka, wakati F-16 mdomo wake upo wazi tumboni karibu na ardhi. Halafu vipimo vya MiG vinasoma kwa mita na kilomita, sisi tuliosoma shule za huku tunaelewa papo hapo, F-16 ni futi na maili za baharini.

Kasoro, stiki ya kompyuta ya pili inavuta kushoto, dogo arekebishe hiyo. Mimi ningeenda vitani na F-16, ila pale kibandani anzeni na MiG, na nendeni mchana siku za kazi maana Jumamosi foleni ni ndefu.