Uzoefu wangu na mlango wa njia moja wa kumtoa skanki uvunguni

Kifaa ninachokizungumzia hapa ni mlango mdogo wa chuma unaofungwa kwenye tundu ambalo mnyama hulitumia kuingia na kutoka. Akisukuma kutoka ndani, kibao chake hunyanyuka na kumpisha. Akirudi, hukuta kibao kimekwisha kujifunga na hakisukumiki kutoka nje. Niliununua pamoja na bunda la wavu wa chuma baada ya skanki kuhamia uvunguni mwa baraza ya mbao iliyo nyuma ya nyumba yangu, na baada ya kupoteza majuma mengi nikihangaika na dawa za kufukuzia ambazo, kwa maoni yangu, humkimbiza mwenye nyumba kabla ya kumkimbiza mnyama.

Kwa msomaji asiyemjua, skanki ni mnyama wa mabara ya Amerika, mwenye ukubwa wa paka, mweusi, na mwenye michirizi myeupe mgongoni. Waswahili wengi humwita kicheche kwa sababu ya rangi na uvundo wake, na hawajakosea sana, ingawa wanasayansi wamewaweka wanyama hao wawili katika familia tofauti. Kwangu mimi dalili ya kwanza haikuwa harufu. Niliona vishimo vidogo vyenye umbo la pia vimetapakaa kwenye nyasi, kila kimoja kikiwa na kina cha vidole vichache tu, kwa sababu usiku skanki hufukua udongo akitafuta mabuu ya wadudu. Kisha nikaona tundu lililochimbwa pembeni mwa ngazi ya baraza, na kwenye ukingo wa ubao wake zilinasa nywele ndefu, nyingine nyeusi na nyingine nyeupe.

Nilianza na chembechembe za kunyunyiza ambazo watengenezaji wake wanadai zina harufu ya wanyama wanaomwinda skanki. Zilinipa usiku mitatu ya matumaini, mvua ikanyesha, na asubuhi yake vishimo vipya vilikuwa vimechimbwa katikati ya chembechembe zenyewe. Jirani alinishauri nitupe vidonge vya naftalini uvunguni, lakini nilisoma maandishi ya pakiti na kuona kwamba vimekusudiwa kuwekwa pamoja na nguo ndani ya chombo kilichofungwa. Mvuke wake ni sumu, na uvunguni hauna pa kwenda ila kupanda juu kwenye vyumba vya kulala. Nchini Marekani kutumia kiuatilifu kinyume cha maelezo ya pakiti ni kosa la kisheria, na sioni kwa nini mtu wa nchi nyingine ajifanyie jambo hilo kwa hiari. Bomba la kurusha maji linalojiwasha likihisi mwendo lilifanya kazi vizuri zaidi, kwa maana kwamba lililinda kitalu kimoja cha mboga na kunilowanisha mimi mara nne.

Uamuzi wa kununua mlango ulitoka kwa mbwa wangu. Skanki hapulizi ovyo majimaji yake yanayonuka: kwanza hugonga ardhi kwa miguu ya mbele, huinua mkia na kutoa sauti ya kufoka, kwa sababu akiba ya majimaji katika tezi zake mbili ni ndogo na ikiisha huchukua siku kadhaa kujaa tena. Mbwa hakuielewa lugha hiyo. Alipigwa usoni kutoka umbali wa kama mita mbili, naye akakimbilia ndani, akajisugua kwenye zulia. Nilimwagia juisi ya nyanya kama nilivyosikia tangu zamani, nikapata mbwa mwekundu anayenuka vilevile.

Kilichofaa ni mchanganyiko uliobuniwa na mkemia Paul Krebaum wa Marekani na kujulikana tangu mwaka 1993: takriban lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha soda ya kuokea, na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mchanganyiko huu haufuniki harufu kwa harufu nyingine. Peroksaidi huzigeuza thioli, yaani zile kemikali zenye salfa zinazonuka, kuwa kitu kisichonuka. Hupakwa ukiwa umechanganywa papo hapo, huachwa kwenye manyoya kwa dakika tano hivi bila kuingia machoni, kisha husuuzwa. Usiuweke kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Nilishangaa pia kuona uvundo ukirudi kidogo kila mbwa alipolowa. Kumbe majimaji ya skanki yana kemikali nyingine, thioasetati, ambazo hunuka kidogo zikiwa kavu lakini zikikutana na maji hugeuka thioli. Zulia nililitupa.

Hapo ndipo mlango ulipoingia, na hapo pia ndipo nilipokaribia kufanya kosa kubwa. Ilikuwa mwishoni mwa Mei. Fundi niliyemwita kwanza alitaka kuufunga siku ileile, lakini nilikuwa nimemwona skanki akitoka kutafuta chakula jua likiwa bado juu, jambo ambalo jike anayenyonyesha hulifanya mara nyingine, nikashuku kwamba uvunguni kuna watoto. Skanki huzaa kati ya Mei na mwanzo wa Juni, na watoto hawawezi kumfuata mama nje mpaka wafikishe majuma saba au manane. Mlango ungemfungia mama nje na kuwaacha watoto wafe njaa chini ya miguu yangu, naye angefukua baraza yote ili awafikie. Karatasi ya maelezo iliyomo katika boksi inalitaja jambo hili, ila kwa maandishi madogo, ukurasa wa nyuma, chini ya maelezo ya skurubu. Hilo ni kasoro ya kwanza ya bidhaa hii, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Nilimshukuru fundi, nikangoja. Jioni moja katikati ya Julai, nikiwa nimekaa dirishani taa zimezimwa, mama alitoka akifuatwa na watoto watano katika mstari mmoja, mikia juu, kila mmoja akiwa nyuma kabisa ya mwenzake kama shanga katika uzi. Nilikubali kuwapa majuma mengine mawili ili wazoee kutoka kila usiku.

Ufungaji wenyewe si mgumu, ingawa unahitaji uvumilivu. Nilitandaza unga mbele ya kila tundu ili nione nyayo, nikagundua kwamba kulikuwa na tundu la pili nisilolijua, upande wa karakana. Hilo niliziba kwa wavu, nikaufunga mlango kwenye lile kubwa. Usiku wa kwanza nyayo ndogo zenye alama za kucha ndefu zilitoka, wala hazikurudi. Usiku wa pili skanki mmoja alirudi, akausukuma mlango kwa pua, akauzunguka, akachimba kando ya fremu na kuingia kana kwamba hakuna aliyejisumbua. Kosa lilikuwa nusu langu na nusu la mtengenezaji: fremu hushikiliwa na vigingi vinne vifupi ambavyo havina nguvu katika udongo tifutifu, na mimi nilivitegemea. Nilikata vipande viwili vya wavu, nikavifunga pande zote mbili za fremu kwa waya na kuvilaza juu ya udongo, nikaweka matofali juu yake. Baada ya hapo unga ulikaa usiku mitatu mfululizo bila unyayo wowote unaoingia, nami nikauondoa mlango.

Sasa niseme kuhusu wavu, kwa kuwa anayenunua mlango peke yake amenunua nusu ya kazi. Wavu wangu ni wa chuma kilichopakwa zinki, wenye matundu ya sentimita 1.25. Nilichimba mtaro wa kina cha sentimita 30 kuzunguka pande tatu za baraza, nikapigilia ukingo wa juu wa wavu kwenye mbao, nikaushusha mtaroni na kuukunja sehemu ya chini kuelekea nje kwa sentimita nyingine 30 kabla ya kufukia. Kukunja huko ndiyo siri yake: skanki huanza kuchimba palepale ubao unapokutana na ardhi, akikutana na chuma hujaribu kando yake, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili na kuanza upya. Kazi ilinichukua siku mbili na malengelenge katika viganja vyote viwili.

Niliwahi kupendekezewa mtego wa kizimba badala ya haya yote. Niliukataa kwa sababu skanki hubeba kichaa cha mbwa, sehemu nyingi huko Marekani zinakataza kumhamishia mahali pengine mnyama aliyenaswa, na kuondoa mmoja huku tundu likiwa wazi ni kumwandalia nyumba mwingine.

Mlango naupa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya vigingi na yale maandishi madogo. Bawaba ilikaza mara moja baada ya mvua, tone la mafuta likaimaliza. Skanki bado wanapita usiku na nyasi bado zina vishimo vyao, jambo ambalo nimeamua kuliacha hivyo kwa kuwa mabuu wanayoyala ndiyo yaliyokuwa yakiniharibia nyasi kabla yao. Uvungu ni mtupu. Mara ya mwisho nilipomulika tochi niliona majani makavu tu na mpira wa mbwa uliopotea tangu majira ya baridi.