Uzoefu wangu: darasa la walzi hapa Mbeya na ile chati ya kisigino na vidole

Wadau mlioniuliza kuhusu darasa la walzi (ile dansi ya wawili ya mapigo matatu) tulilosoma kabla ya harusi, naandika hapa mara moja nisirudie kwa kila mtu inbox. Kwa kifupi linastahili hela yake, ila sio la kila mtu, kama unachotaka ni staili mbili tatu za kuifanya kamati ipige makofi tafuta mwingine, mjini wapo kibao na wanamaliza fasta.

Mwalimu ni mama mtu mzima, wote anatuita wanangu, anafundishia kwenye ukumbi mdogo maeneo ya Soweto na tulilipa 15,000 kwa lisaa, hiyo ni ya wawili sio ya kichwa. Kabla hata mziki haujawashwa anakupa karatasi, ni chati imepigwa kopi mpaka imefifia, ina hatua, mguu unaenda wapi, unatazama upande gani wa ukumbi, umegeuka kiasi gani, mwili kupanda na kushuka, halafu kuna safu imejaa HT, T, TH. Huo ni mfumo wa Uingereza, wa chama cha walimu wa dansi ISTD cha London ambacho kipo tangu 1904 na tawi lake la dansi za ukumbini lilianza 1924. Mwenzangu kuiona tu akaninong'oneza, hii si fizikia hii.

Herufi zenyewe sio ngumu. H ni kisigino, T ni vidole pamoja na ile nyama ya chini ya vidole, yaani usidhani unasimama kwenye kucha. HT umetua kisigino, uzito ukapita mguu mzima ukamalizikia vidoleni wakati mguu wa pili unapita. TH ni kinyume chake. T ikiwa peke yake kisigino hakigusi sakafu kabisa. Kwenye mzunguko wa kulia wa walzi mwanaume ana HT, T, TH halafu TH, T, TH, mwanamke anaanza TH, T, TH halafu HT, T, TH, kwa sababu nusu ya kwanza mi ndo narudi nyuma na nusu ya pili anarudi yeye. Mpaka hapo mtu yeyote anaweza kukariri mwenyewe nyumbani.

Hela yangu ililipa pale alipotufundisha KUISOMA. Angalia safu yangu, hatua ya kwanza TH na hatua ya tatu TH, zimeandikwa sawa sawa lakini miguuni ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza narudi nyuma na mguu wa kushoto, vidole vinatangulia, kisigino kinashuka na kinabaki chini mpaka uzito uhamie kwenye mguu wa kulia unaoenda pembeni, nikikiinua mapema nasukumana na bwana kifua kwa kifua. Ya tatu miguu inakutana nikiwa bado juu, nasubiri, kisigino kinashuka mwisho mwisho wa pigo. Safu ya herufi haikuambii hayo, yako kwenye safu ya kupanda na kushuka, kwa hiyo mama yule anakuwekea rula kwenye karatasi unasoma mstari mzima kwa pamoja, tena unasoma na mstari wa mwenzako maana kisigino chake na vidole vyangu vinatua sekunde ile ile.

Na kugeuka je? Nusu ya kwanza ya mzunguko, yaani hatua tatu za mwanzo, ni nyuzi 135. Mwanaume yuko nje ya kona, ana njia ndefu ya kuzunguka, kwa hiyo anazigawa, 90 kati ya hatua ya kwanza na ya pili halafu 45 zilizobaki kati ya pili na tatu. Mi niko ndani ya kona, mguu wangu wa kulia unatakiwa uwe umeshaelekea huko tunakoenda kwenye hatua ya pili, zote 135, ila mwili unachelewa kidogo na unamalizia pale miguu inapokutana. Sasa fikiria T ya hatua ya pili bila kisigino chini, ndo inakuruhusu kuzunguka bila kusaga goti. Ukishusha kisigino pale umejifunga breki na kiuno kinaendelea kwenda, kesho yake usiulize mbona goti linauma.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini anakataza raba. Raba inashika sakafu. Nilipata viatu vya mitumba Mwanjelwa vyenye kisigino cha wastani, fundi akanibandikia ngozi ya suedi chini, poa kabisa, ila ule ukumbi una vigae kwa hiyo wiki ya mvua ukiingia na soli mbichi unateleza kama una haraka zako, beba kitambaa cha kufutia.

Foksitroti, dansi nyingine ya ukumbini, tulionja tu. Kuna pale mwanamke anarudi hatua moja halafu anageuka juu ya kisigino cha mguu alioukanyagia huku mwingine unavutwa taratibu kuja kukaa sambamba, uzito unahamia mwisho. Aisee. Mwenye viatu virefu vyembamba aache kwanza.

Mapungufu yapo. Saa kumi yake ni saa kumi na moja kasoro, spika ni moja na umeme ukikatika anapiga makofi ndo mziki wenyewe. Chati haina Kiswahili hata mstari mmoja, inabidi uandike pembeni kwa kalamu. Na kama mna wiki mbili tu mtatoka mnajua nusu mzunguko, mama haruki hatua hata umlilie, anakwambia mwanangu rudi ukutani tuanze.

Kingine wanaoolewa sikieni, mwambieni MC mapema. Walzi ni mapigo matatu, kila mapigo matatu ni baa moja, mwendo wa kawaida ni baa 28 mpaka 30 kwa dakika, ile ya Vienna inakimbia 58 mpaka 60. Nyimbo nyingi za kufungulia mziki kwenye harusi zetu ni zouk au zile za taratibu za mapigo manne, hapo hata uwe na futiweki (namna mguu unavyotua) ya dhahabu hatua yako ya tatu haitajua ikae wapi. Sisi tulipeleka wimbo wetu kwenye flashi na DJ akautest mchana.

Asiye na mwenza anapokelewa, anacheza na mwalimu mwenyewe, na kwa maoni yangu hao ndo wanafaidi zaidi maana yule mama akikushika unausikia uzito wake unahama kabla hajasogea. Jumamosi panajaa, nendeni katikati ya wiki, na kipindi cha mwezi wa sita wa saba beba sweta, ukumbi ule baridi yake sio ya mchezo.