Oksijeni ya mtungi kwenye bia ya nyumbani: uzoefu wangu Tabora

Mtungi wa oksijeni unalipa, ila si kwa kila bia. Kama unatumia hamira kavu ya paketi mpya na bia yako ni nyepesi, tikisa ndoo tu, inatosha. Hamira hiyo hukaushwa ikiwa na akiba ya mafuta inayojengea ngozi za seli. Faida nimeiona kwenye hamira ya kurudia, ile inayovunwa chini ya ndoo. Hiyo imeshamaliza akiba yake kwa kuzaliana, na bila oksijeni haiwezi kutengeneza nyingine.

Kuchemsha kunafukuza karibu hewa yote kwenye maji ya kimea. Kutikisa kunairudisha, lakini kuna kikomo: usawa wa bahari hewa ya kawaida inafikisha kama miligramu 8 kwa lita, na sisi huku mita 1,200 hivi tunaambulia 7. Bia kali inataka 10 na zaidi. Ikipungua, hamira inachelewa kuamka, halafu inachoka njiani. Haidromita, kipimo cha uzito wa bia ambacho hushuka sukari inapoliwa, inagoma kwenye 1.025 na bia inabaki tamu.

Unahitaji rigyuleta ya oksijeni (kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi), mpira, kichujio cha mikroni 0.2 na kijiwe cha chuma kisichoshika kutu cha mikroni 0.5, kinachotoa gesi kwa viputo vidogo. Rigyuleta ya mafundi wa kuchomelea inafanya kazi, tatizo inasoma shinikizo tu, si lita kwa dakika, kwa hiyo unapima kwa macho. Viputo vikubwa vinavyopasuka juu ni gesi inayopotea bure. Punguza hadi uso utikisike kidogo tu. Na kwenye hesi usipake grisi wala mafuta ya aina yoyote: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta inaweza kuwaka.

Kwa lita 20, poza kwanza hadi nyuzi 20. Oktoba maji ya bomba hayakufikishi huko, malizia na barafu nje ya sufuria. Fungulia gesi kabla kijiwe hakijazama, lita 1 kwa dakika, kizungushe taratibu chini ya ndoo kwa sekunde 60. Kitoe gesi ikiwa bado inatoka, la sivyo maji matamu yanaingia kwenye vitundu na kukaukia humo. Kichemshe dakika 15, na usikishike kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakiziba. Kikitoa viputo upande mmoja tu, kimeshaziba.

Bia iliyoanzia juu ya 1.080 kwenye haidromita naipulizia tena saa 12 baada ya kutia hamira. Baada ya hapo basi; oksijeni ya kuchelewa inaleta ladha ya boksi lililoloa.

Ukimaliza funga valvu ya mtungi wenyewe, si ya rigyuleta peke yake, maana mtungi mdogo huishia usiku kwa kuvuja. Na unapobadilisha, soma geji palepale dukani.

Wanzuki, pombe ya asali, nao unaipokea oksijeni vizuri, lakini asali ina naitrojeni kidogo mno. Bila chakula cha hamira, gesi peke yake haitausaidia.