Huduma ya wakili hapa Tanga kwa kesi ya kuchora ukuta, nampa nyota 4 kati ya 5 (na msipite kwa kishoka, yaani wakili feki, kama mimi)

Habarini za humu. Yaliponikuta nilitafuta sana mtu aliyewahi kuandika kuhusu jambo hili nikakosa, ndo mana leo nimekaa naandika mimi. Ni kuhusu huduma ya wakili mmoja hapa Tanga mjini, mama mtu mzima, ofisi yake ipo ghorofani katikati ya mji, jina siliweki hadharani mana sijamuomba ruhusa, anaemtaka kweli aje inboksi. Sijalipwa na mtu kuandika hii, hela yangu ndo iliyotoka.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2023 usiku mmoja baada ya mechi Mkwakwani, Coastal Union kashinda, mdogo wangu wa miaka 19 na mtoto wa mama mdogo wa miaka 17 wakanunua makopo mawili ya rangi ya spre wakaenda Chuda kuandika WAGOSI WA KAYA, jina la utani la timu hiyo, kwenye ukuta wa nyumba moja ya kulala wageni, herufi kubwa kama mtu mzima, alafu chini wakaweka na majina yao. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi haujamaliza hata mwezi. Mlinzi akawashika palepale na rangi mikononi.

Mimi nilivyopigiwa simu nikajua ni kosa la kuchafua mazingira tu, watapigwa faini ndogo watarudi. Kumbe shtaka linaitwa kuharibu mali kwa makusudi, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inaweza kufika miaka 7 jela. Saba jamani. Kwa rangi ya kopo. Nilivyosomewa nilikaa chini pale pale kwenye benchi la kituo.

Asa kosa langu la kwanza, Jumapili asubuhi nikakutanishwa na jamaa amevaa suti vizuri kabisa, ana mkoba, anaongea sheria kama kaimeza, akaniambia nimpe laki na nusu yeye anawajua watu pale, na ushauri wake ni kwamba vijana wakubali kosa tu wakifika mahakamani ili yaishe haraka. Nikatoa hela mana nilichanganyikiwa, mama nyumbani hali hanywi. Yule hakuwa wakili, ni kishoka. Jioni simu yake ikawa haipatikani mpaka leo ninavyoandika.

Jumatatu saa mbili asubuhi ndo nikapelekwa kwa huyu mama na jirani yangu. Kabla hata sijamaliza kulia akaniuliza maswali matatu: wameshaandika maelezo polisi na wamesaini nini, tangu lini wako ndani, na cheti cha kuzaliwa cha yule mdogo zaidi kiko wapi. Hilo la cheti sikulielewa. Kumbe kule kituoni wote wawili wameandikwa miaka 18 na kuendelea, na wamelala chumba kimoja na watu wazima. Akanieleza taratibu kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 alie chini ya miaka 18 ni mtoto, kesi yake ni ya mahakama ya watoto ambako watu baki hawaingii kusikiliza, anatakiwa awepo afisa ustawi wa jamii, hatakiwi kuchanganywa na wakubwa mahabusu, na mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Yaani kitendo ni kimoja, usiku ni mmoja, kopo walipokezana mkononi, lakini mmoja anaongelewa miaka saba na mwingine anaongelewa ustawi wa jamii, na kinachowatenganisha ni karatasi iliyoko kwenye sanduku la bibi Muheza. Nikamtuma mtu na Koasta siku ileile akaileta.

Saa tano mama wakili alikuwa kituoni. Hakupiga kelele hata kidogo, alimsalimia mkuu wa kituo vizuri akamwambia watu hawa wameshapitisha masaa 24 na kosa lenyewe linadhaminika, naomba ama waende mahakamani leo ama wapewe dhamana. Na dhamana ya polisi hailipiwi jamani, imebandikwa hata ukutani kwenye vituo, mimi siku zote nilikuwa napita naliona lile bango silisomi. Tulitakiwa wadhamini wawili wenye vitambulisho vya NIDA na barua ya serikali ya mtaa, basi. Saa kumi vijana wako nje. Yule wa 17 alikabidhiwa kwa mama yake mbele ya mtu wa ustawi na hakushtakiwa, alionywa na kuwekwa chini ya uangalizi. Mdogo wangu yeye mambo yaliendelea.

Hapa ndo nampa sifa kubwa kuliko zote huyu mama, kwa sababu alimwambia mdogo wangu ukweli bila kumtisha na bila kumpa moyo wa uongo. Mdogo wangu alianza ujuaji, akasema mbona Marekani watu wanachora kuta na wanaitwa wasanii. Mama wakili akamjibu hukohuko Marekani, jimbo la California, wana kifungu chao cha 594, uharibifu wa chini ya dola 400 unaweza kukupeleka ndani hadi mwaka mmoja na ukifika dola 400 wanaweza kukushtaki kwa kosa kubwa kabisa, na Singapore wana sheria yao ya tangu 1966 yenye jela na fimbo, mwaka 1994 kijana wa Kimarekani Michael Fay alichapwa fimbo 4 kwa kuharibu magari ya watu kwa rangi, na Rais wa Marekani alimuombea lakini walimpunguzia tu kutoka 6. Akamwambia kuchora sio kosa mwanangu, kosa ni ukuta wa mtu ambae hukumuomba, ungegonga mlango ukamuomba yule mzee mwenye nyumba ruhusa tusingekuwa hapa. Kijana akanyamaza. Tena akamuongezea kwamba angeandika vile kwenye jengo la kale kama lile boma la Mjerumani au kwenye kuta za mapango ya Amboni angekuwa anagusa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mimi roho iliniuma mana Amboni nishaenda na darasa letu zamani na majina ya watu yamejaa mle kwenye mawe, na hakuna mwalimu alietuambia kuwa lile ni kosa.

Kuhusu kukubali kosa ili yaishe. Alikasirika kweli niliposema nimeshauriwa hivyo. Ukikubali unatiwa hatiani, na kutiwa hatiani hakuishi hata kama adhabu ni faini, siku ukienda kuchukua cheti cha tabia njema polisi ukaweka vidole linatoka. Na mdogo wangu alikuwa anahangaikia kibarua kwenye mradi wa bomba la mafuta Chongoleani. Ila pia hakumwambia adanganye. Alisema kama umefanya na majina yako yako ukutani tusiende kuipotezea mahakama muda kwa uongo, twende tukarekebishe kilichoharibika kabla hakimu hajatulazimisha, mana hata akikutia hatiani anaweza kuamuru ulipe fidia juu ya adhabu, na mwenye nyumba bado ana njia yake ya kufungua madai.

Mwenye nyumba alikuwa ameandika hasara milioni moja na laki tatu na nusu. Mama wakili akamleta fundi rangi wake, akapima ule ukuta kwa futi kamba, akahesabu ndoo za rangi, msasa, ufundi, akaandika tathmini ya laki nne na ishirini na kuisaini. Nilidhani wakili kazi yake ni kuongea, huyu alisimama juani Chuda na fundi saa nzima anauliza kona hii inahitaji mkono mmoja wa rangi au miwili.

Kwenda kumuomba radhi yule mzee tulienda mara mbili. Mara ya kwanza tulipiga shikamoo akaitikia vizuri lakini hakutaka hata kukaa nasi, na namuelewa, amejinyima akapaka rangi nyumba yake watoto wa watu wanakuja kuichafua kwa furaha ya mpira. Mara ya pili tulienda na mwenyekiti wa mtaa na mama yangu mzazi, mdogo wangu akaongea mwenyewe, sauti inamtetemeka. Mzee akakubali wapake upya chini ya fundi, vifaa juu yetu, na yule wa 17 nae aje kushika brashi. Walipaka siku tatu. Mama wakili akaandika makubaliano yenye kipengele kwamba mzee hatodai tena kwa uharibifu uleule, tukasaini wote.

Na hapa watu wengi wa kwetu tunakosea, tunadhani mlalamikaji akisamehe kesi imeisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, sio ya mzee. Mzee aliandika barua kwamba ameridhika, ikapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na uamuzi ulikuwa wa kwao. Tulienda mahakamani mara nne, kesi inatajwa, inaahirishwa, upelelezi bado, nauli inatoka, kazini naomba ruhusa kila mara. Mara ya tano upande wa mashtaka wakaiondoa kwa kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mama yangu alilia kwa furaha pale nje chini ya mti, mimi nikataka kumkumbatia mtu yeyote. Lakini mama wakili akatuita pembeni akatueleza kwamba kijana kaachiwa, hajatiwa hatiani, ila kuondolewa kesi kabla ya utetezi sio sawa na kuonekana hana hatia, wakitaka wanaweza kumshtaki tena kwa jambo lilelile, kwa hiyo yale makubaliano na barua ya mzee tutunze nakala. Wakili mwingine angetuacha tushangilie akachukua hela yake akaenda. Nakala ninazo, zipo kwenye bahasha na kile cheti cha kuzaliwa kilichotoka kwa bibi.

Gharama: kumuona mara ya kwanza elfu 30, kesi yote laki nne, akakubali tulipe kwa awamu tatu. Ofisi safi, kuna maji ya kunywa, ngazi ni ndefu kwa mtu mwenye magoti. Leseni yake ya mwaka ule ilikuwa imetundikwa ukutani, na mwenyewe aliniambia wakili halali anahuisha leseni kila mwaka hivyo niwe nauliza bila aibu, na mfumo wa mahakama mtandaoni unaonyesha kama mtu ni wakili kweli. Laiti ningelijua Jumapili ile. Kwa asiye na uwezo kabisa kuna wasaidizi wa kisheria, wapo kwa sheria ya 2017 na hawatakiwi kukutoza, kaulize ustawi wa jamii wilayani watakuelekeza.

Kilichonikera ni simu. Akiwa mahakamani hapokei, hiyo sawa, lakini hata jioni mara nyingine harudishi, na kuna siku nilipanda zile ngazi mara mbili nikamkosa na karani hajui yuko wapi, wakati mimi nataka kujua tu kesho ni saa ngapi. Na risiti ya awamu ya mwisho nimeipata baada ya wiki tatu za kukumbushia. Hiyo ndo nyota niliyoikata.